Pesa Imekatwa, Bukingi Haionekani: Dhana Potofu Kuhusu Logi

Julai na Agosti, ofisi za utalii Arusha na Moshi hupokea bukingi usiku na mchana. Mfumo wa bukingi unaongea na wa malipo, wa malipo unaongea na benki. Mgeni akikatwa pesa na nafasi yake ya kupanda mlima isionekane, kila upande husema kwake kuko salama. Mara nyingi logi, yaani kumbukumbu ambazo kila mfumo hujiandikia kuhusu kazi zake, zipo, ila zimeandikwa kwa dhana kama hizi.

"Seva imejibu 200, basi imefanikiwa."
200 ni habari ya HTTP tu, yaani utaratibu wa kusafirisha ujumbe kwenye wavuti: ombi limefika na limejibiwa. Huduma nyingi hurudisha 200 huku ndani ya ujumbe kumeandikwa kuwa muamala umekataliwa. SOAP 1.1, kiwango cha zamani cha mifumo kutumiana ujumbe, angalau ilidai 500 (msimbo wa HTTP wa kosa la seva) kosa likitokea. Kwenye JSON, muundo wa ujumbe unaotumika sana siku hizi, kila mtu na utaratibu wake. Andika kwenye logi na msimbo wa kosa uliomo ndani.

"Tutafute kwa saa aliyotaja mteja."
Hapa ndipo mafundi wetu wanapoteza siku. Mteja anapiga simu: "Nililipa saa nne asubuhi." Anayepokea anaandika 4:00. Saa nne ni 10:00, na seva nyingi huandika kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo ombi limekaa kwenye 07:00. Fundi anapekua 04:00, haoni kitu, anajibu kwa uhakika kabisa kwamba ombi halikufika. Andika saa pamoja na tofauti yake, mfano 10:02:31+03:00.

Hata hivyo saa pekee haitoshi, maana sekunde moja inaweza kubeba maombi mengi. Kinachotakiwa ni namba ya ufuatiliaji inayotolewa ombi linapoingia, kisha ikabebwa na kila mfumo unaofuata. W3C, shirika la viwango vya wavuti, wana kiwango chake, kichwa cha HTTP (maelezo yanayotangulia ujumbe) kiitwacho traceparent, na namba yenyewe ina tarakimu 32 za heksadesimali (0 hadi 9 na a hadi f). Mfumo mmoja ukiiacha njiani, mnarudi kubahatisha.

"Muda wa kusubiri umeisha, ombi limeshindwa."
Si lazima. Huenda benki imeshakata, jibu ndilo limekwama. Ukirudia kwa namba mpya ya muamala, mteja anaweza kukatwa mara mbili.

"Hifadhi kila kitu, huwezi kujua."
Hili nalipinga moja kwa moja. Ujumbe mzima hubeba nywila, tokeni (vibali vya kuingia kwenye mfumo), pasipoti za wageni na namba za kadi. PCI DSS, kiwango cha usalama wa taarifa za kadi, inawakataza wafanyabiashara kuhifadhi CVV (namba fupi ya siri iliyochapwa kwenye kadi) baada ya muamala kuidhinishwa, hata ikifichwa kwa usimbaji, na logi nayo ni hifadhi. Hapa nchini ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ficha kabla ya kuandika. Ukilazimika kunasa ujumbe mzima, washa kwa huduma moja, kwa muda mfupi, kisha zima, kabla diski haijajaa.

"Wireshark itatuonyesha."
Wireshark ni programu ya kunasa mawasiliano ya mtandao. Kwenye HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, bila funguo za kikao (za kufungulia mazungumzo hayo), utaona nani kaongea na nani, si walichosema. Ujumbe unasomeka ndani ya programu, kabla haujasimbwa.