Je, wajua kwa nini kichwa cha habari cha asubuhi hugeuka shairi la mzaha kabla ya mchana?

Kwenye meza za magazeti karibu na Mnara wa Saa, Arusha, wasomaji wa bure huwa wengi kuliko wanunuzi. Wanasoma vichwa vya habari, wanacheka, wanaondoka. Mchana haujafika, kichwa kimojawapo kimeshakuwa ubeti unaozunguka kwenye simu.

Wengi hudhani kasi hiyo inatokana na kutojali arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi: eti vina (sauti za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi) ni kazi ya kukesha, hivyo utani wa papo hapo lazima uwe maneno ya kujiendea tu. Hebu hesabu kwa vidole. Mara nyingi utakuta tarbia kamili: mishororo minne, mizani 16 kila mmoja, yaani vipande viwili vya nane kwa nane. Wala mchezo huu haukuletwa na simu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake. Arudhi haimcheleweshi mtani hata kidogo. Ndiyo inayomsukuma.

Tuchukue kichwa cha kubuni: "Bei ya nyanya yapanda". Silabi nane! Mhariri amebana nafasi, akaandika "yapanda" badala ya "imepanda", yaani ufupishaji uleule wa malenga. Kipande cha kwanza kimepatikana bure, pamoja na kina chake, "-nda". Vitenzi vyetu vingi huishia na -a, kwa hiyo vya kurandana navyo havitafutwi mbali (Kilombero hapa ni soko la Arusha):

Bei ya nyanya yapanda, Kilombero wanalia,
Mchuzi wetu wakonda, rangi imeukimbia,
Nyanya moja naipenda, kwa mbali naangalia,
Kamati tumeiunda, mwakani itatwambia.

Kicheko kimejificha mshororo wa nne. Msikilizaji ni kama abiria wa daladala anayeijua njia: baada ya "wanalia" na "imeukimbia", sikio limeshajiandaa kushuka kwenye "-ia". Mtunzi anamshusha kituo kilekile, ila mtaa si aliouzoea. Sauti imetimia, maana imekwenda kwingine. Bila kina, kamati ile ingekuwa taarifa tu.

Na kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, hakibadiliki. Ubeti wa pili ukihusu barabara iliyofurika, wa tatu sare ya Simba na Yanga, vina vya mishororo ya juu yake vitabadilika lakini kamati itarudi vilevile, na kila ikirudi inazidi kuchekesha kwa kuwa bado haijasema kitu.

Si kila kichwa kinakubali, lakini. Habari ya msiba haiguswi, na majina marefu ya taasisi hukataa kukaa ndani ya nane. Moshi wamebahatika: "Mlima Kilimanjaro" ni mizani nane kamili, kipande kizima bila jasho. "Arusha" ina tatu tu, kwa hiyo mtunzi wa huku analazimika kuanza na "Ndani ya jiji", ndipo aingie kwenye habari yenyewe.