Miguu Iliyopishana Haimaanishi Alipigana Vita vya Msalaba

Ukiingia kanisa la parokia la kale Uingereza, huenda ukaonyeshwa sanamu ya kaburi: mwanamume wa vita amelala chali kwa deraya (vazi la chuma la vita) na ngao, mguu mmoja juu ya mwingine. Utaambiwa alikwenda Vita vya Msalaba, vile vya Wakristo wa Ulaya kupigania Palestina. Wengine huongeza hesabu: kupishana kwenye vifundo ni safari moja, magotini mbili, mapajani tatu. Hesabu hiyo ni porojo tupu.

Tazama tarehe. Akka, ngome kuu ya mwisho ya Wakristo kule Palestina, ilianguka 1291. Sir Robert de Bures, ambaye bamba la shaba la kaburi lake, lililochorwa umbo lake, lipo Acton, Suffolk, alifariki 1331, naye amepishanisha miguu.

Ulikuwa mtindo wa wachongaji, uliopendwa sana Uingereza kuliko nchi jirani, kuanzia karne ya 13 hadi katikati ya karne ya 14. Mkao huo huipa sanamu uhai: nyonga inageuka kidogo, na mikunjo ya kanzu iliyovaliwa juu ya deraya inaanguka vizuri. Deraya ya bamba za chuma ilipochukua nafasi ya ile ya vipete (pete ndogo za chuma zilizounganishwa), miguu ya sanamu ikanyooka.

Kwa hiyo ukitaka kukadiria umri wa sanamu, anza na deraya. Vipete mwili mzima huelekeza karne ya 13 au mwanzo wa ya 14. Bamba miguuni na kiunoni, baadaye. Na mbwa au simba waliochongwa miguuni pa sanamu? Hao nao hawahesabu vita.