Mechi 931 za Tony Ford

Kila mara mjadala wa rekodi za Ligi ya Uingereza, yaani madaraja manne ya juu ya soka la huko, unapozuka, jina linalotajwa ni Peter Shilton, mechi 1,005. Sawa, lakini Shilton alikuwa kipa. Ukiwaondoa makipa, anayeongoza ni Tony Ford, mechi 931, na hakucheza hata moja katika daraja la juu kabisa.

Piga hesabu kidogo. Madaraja ya chini yana timu 24, kila timu hucheza mechi 46 kwa msimu. Cheza misimu 20 bila jeraha, bila adhabu, bila kukalishwa benchi, na bado Ford atakuzidi kwa mechi 11. Tena hapo mechi za vikombe hazimo.

Alianza mwaka 1975 akiwa na miaka 16 katika klabu ya kwao, Grimsby, mji wa bandari ya wavuvi. Alikuwa winga wa kulia, na timu ilipanda daraja mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Baadaye akapita Stoke na West Brom, akarudi Grimsby.

Kwangu mimi, utamu wa hadithi yake unaanza pale wengine wanapotundika daluga. Huko chini mikataba ni mifupi. Kila msimu ukiisha klabu hutangaza nani anabaki na nani anaachwa, na mwenye miaka 35 ndiye wa kwanza kutazamwa. Mwaka 1996, baada ya kuichezea Scunthorpe, Ford akajikuta Barrow, klabu iliyokuwa nje ya ligi kabisa wakati huo. Mechi za huko hazimo katika zile 931. Miaka 37, nje ya ligi: ningekuwa wakala wake, ningemwambia atafute kazi nyingine.

Mwaka huohuo Mansfield wakamchukua. Mbio zilikuwa zimepungua, lakini alishahamia beki wa kulia, ambako mchezo unauona mbele yako na unachagua lini usogee kushambulia. Kocha Steve Parkin alimwamini. Alipohamia Rochdale mwaka 1999, Ford akaenda naye, mchezaji na kocha msaidizi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo alikuwa akisaidia kuwafundisha vijana ambao wengine hawakuwa wamezaliwa alipocheza mechi yake ya kwanza, kisha anavaa jezi na kuingia nao uwanjani. Aliacha kucheza mwaka 2001, akiwa na miaka 42.