Bashraf ni nini?

Ukiwahi kufika kwenye taarab asilia hapa Unguja, utakuta wapigaji wameshaanza na mwimbaji bado amekaa. Fidla, udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa), nai (filimbi ya tete), akodiani na dumbaki (ngoma ndogo) vinakwenda pamoja, wala hakuna anayeimba. Wengi huendelea kuamkiana na kutafuta viti, wakidhani vyombo vinajaribiwa. Inaniuma kila nikiona hivyo, kwa sababu hiyo ni bashraf, utungo kamili wenye mwanzo na mwisho wake.

Asili ya neno ni Kiajemi, kwa maana ya chenye kutangulia. Waturuki wakaliita peşrev; Waarabu, ambao hawana herufi P, wakalifanya bashraf, na sisi tumelipokea kwao.

Bashraf kwa kawaida ina khana nne. Khana ni nyumba. Kila khana ikimalizika hurudi kipande kimoja kisichobadilika, kiitwacho taslim. Ni kama mtu anayezuru nyumba nne za mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, na kila akitoka hupitia baraza ile ile. Khana ya tatu mara nyingi hupanda juu au huhamia maqamu nyingine, yaani ngazi nyingine ya sauti, na hapo ndipo utamu wa taslim unapoonekana, maana ndiyo inayokurudisha. Samai ni ndugu yake bashraf: nayo ina khana nne na taslim, ila mdundo wake ni wa mapigo kumi, na khana ya mwisho hubadilisha mwendo.

Maqamu ni ngazi ya sauti pamoja na njia ya kuipita: wapi pa kuanzia, wapi pa kupumzika. Rast, Bayati na Hijazi ni baadhi yake. Rast na Bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya vitufe vya piano, kwa hiyo akodiani ya kawaida haizipati. Fidla na udi zinazipata, kwani shingo zake hazina vigawanyo kama vya gitaa.

Wazungu nao wana muziki wao wa wapigaji wachache, uliotungwa kwa ajili ya chumba badala ya ukumbi mkubwa. Kwarteti ya nyuzi, kwa mfano, ni fidla mbili, viola na sello, na kila mmoja ana njia yake iliyoandikwa mbali na ya wenzake. Kwenye bashraf lahani, yaani tuni yenyewe, ni moja kwa wote, lakini kila chombo huipamba kwa tabia yake: nai huivuta, udi huidonoa, kanuni huitetemesha kwa nyuzi zake tatu tatu kwa kila sauti. Sikiliza tofauti hizo ndogo. Mimi ndizo zinazonikalisha kitini.

Taslim ya nne ikiisha, bashraf imekwisha. Pengine hapo mpigaji mmoja huachiwa peke yake, dumbaki ikanyamaza, naye akabuni papo hapo. Hiyo si bashraf tena, ni taksimu, inayomfungulia mwimbaji maqamu ya wimbo wake.