Wekistesheni si kinanda cha staili, na mengine tunayodanganyana

Tabora ukitaja stesheni mtu anawaza treni. Wapiga vinanda wa kwaya zetu wao wanaiota wekistesheni, kile kinanda kizito chenye skrini na vitufe vingi, ambacho mara nyingi hutufikia kikiwa kimeshatumika ng'ambo. Mimi nina changu. Maneno yanayosemwa juu yake, nusu ni ya vijiweni.

Dhana: ni ghali, basi kina staili zote.

Hakina. Kwenye arenja, yaani kinanda cha staili, kama Yamaha PSR au Korg Pa, unashika kodi kwa mkono wa kushoto (kodi za muziki, si za nyumba), ngoma, besi na gitaa vinakufuata. Wekistesheni kama Yamaha Motif au Korg Triton ni ya mtu anayejenga wimbo mwenyewe: unarekodi ngoma kwenye traki moja, besi kwenye nyingine, unarudi kusahihisha noti mojamoja, unaichonga sauti mpaka iwe yako. Hapo arenja nyingi haziifikii. Ina midundo inayojicheza, ndiyo, ila si bendi ya kukufuata tangu utangulizi hadi mwisho wa wimbo. Nimeona kwaya ikichangishana muda mrefu, kinanda kikafungwa Jumapili, mpigaji akatafuta sebene hadi mahubiri yakaanza. Kama unapiga peke yako bila mpiga ngoma, nunua arenja na usione aibu.

Dhana: ukisharekodi, wimbo umo ndani.

Hapa ndipo nilipoumia. Katika mashine nyingi za aina hii, hasa za zamani, wimbo unaorekodi hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukizima kabla ya kuuhifadhi kwenye flashi, umekwenda. Jioni moja nilikuwa na traki sita za wimbo wa Pasaka, nimebakiza kiitikio tu, umeme ukakatika. Uliporudi, traki zote zilikuwa tupu. Siku hizi nikimaliza traki nahifadhi kwanza, chai baadaye.

Dhana: noti 128 zinazolia kwa mpigo za nini, na vidole ni kumi?

Sauti moja huweza kuwa na tabaka nne. Noti nane za piano ya hivyo tayari zimekula nafasi 32. Kanyaga pedali, ongeza vinubi na ngoma zilizorekodiwa, utasikia noti za mwanzo zikikatwa. Korg M1 ya mwaka 1988 ilikuwa na nafasi 16 tu, na piano yake ilitamba kwenye madisko.

Dhana: hakitoi sauti, ni kibovu.

Nyingi hazina spika zake. Kama una waya mmoja wa kwenda kwenye spika za nje, chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/Mono.

Dhana: noti moja ikipiga kelele kuliko wenzake, mashine imekufa.

Mara nyingi ni vumbi, na kiangazi cha Tabora unakijua. Chini ya kila kibao kuna mpira wenye miguso miwili ya kaboni. Kinanda hupima nguvu ya kidole kwa muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Uchafu ukiuchelewesha wa kwanza, muda unafupika, noti inafyatuka. Fundi hufungua akasafisha kwa spiriti. Changu nakifunika kitenge.

Dhana: plagi ikiingia, umeme ni uleule.

Kilichotengenezwa kwa soko la Japani ni cha volti 100, ukutani kwetu zipo 230. Kigeuze nyuma usome kibandiko kabla hujachomeka. Kama kimeandikwa 100, tafuta kwanza transfoma ya kushusha.