Kaburi halikiukwi: safari yangu na neno "violation"

Kijana anayejifunza kazi ya kutafsiri kwangu aliniletea kurasa zake wiki iliyopita. Kila mahali Kiingereza kiliposema "violation", yeye aliandika ukiukwaji. Ukiukwaji wa mkataba, ukiukwaji wa haki, ukiukwaji wa kaburi, ukiukwaji wa mwanamke. Nikamwuliza, "Mwanangu, kaburi linakiukwaje?" Akanyamaza, kisha akasema kamusi ndivyo ilivyompa.

Kamusi haikumdanganya. Ila neno hili la Kiingereza limebeba mizigo mingi, na Kiswahili hakijawahi kuiweka yote kwenye kikapu kimoja. Mimi natafsiri nyaraka za sheria hapa Arusha, na sidhani kama kuna neno lililonikalisha usiku mara nyingi kuliko hili.

Asili yake ni Kilatini, violare: kukitendea kitu kwa nguvu, kukichafua kilicho kitakatifu. Ni ndugu wa "violence". Wenzake wanaotajwa kama visawe wana picha nyingine kabisa ndani yake. "Breach" ni ukoo mmoja na "break", kuvunja. "Infringe" nayo imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuvunja. "Transgress" ni kupiga hatua ukavuka upande wa pili. Mwingereza wa leo hazioni tena picha hizo anapozungumza, lakini mfasiri akizisahau anapotea.

Sisi tuna picha zetu. Kukiuka, kabla halijawa neno la mahakamani, lilikuwa kupita juu ya kitu: mtu anakiuka gogo, anakiuka mfereji. Angalia kinachotokea kwa ule mfereji: haujaharibika, uko palepale, aliyevuka ndiye yuko mahali asipopaswa kuwa. Ndiyo sababu kukiuka kunakaa vizuri sana kwenye sheria, kanuni, masharti na maadili. Sheria ya mwendo wa gari haifi kwa sababu dereva mmoja ameipita.

Kuvunja ni habari nyingine. Tunavunja sheria, tunavunja ahadi, tunavunja miiko, na hapo kuvunja kunakaribiana na kukiuka. Lakini pia tunavunja ndoa, tunavunja baraza, tunavunja Bunge, na hapo kilichovunjwa kimekwisha. Hatari kubwa iko kwenye mikataba. Magazeti ya michezo yanapoandika kwamba klabu imevunja mkataba na kocha, msomaji anaelewa kuwa kocha kafungasha virago. Kwa mwanasheria, "breach of contract" si hivyo: upande mmoja haukutimiza ulichoahidi, na mkataba unaweza kuwa bado unaishi huku aliyeumizwa akidai fidia. Niliwahi kukuta barua ya madai ambayo mfasiri aliandika tu "mteja wangu anadai umevunja mkataba". Aliyeipokea akajibu kwa furaha kwamba basi na yeye hadaiwi tena kitu. Wiki mbili za kuandikiana zilipotea kwa kitenzi kimoja. Siku hizi naandika "kukiuka masharti ya mkataba" kwa hali ya kwanza, na "kusitisha mkataba" kwa ya pili. Kuvunja mkataba nawaachia watu wa michezo, wao hawana shida nalo.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ilichagua kuvunja. Ibara ya 30(3) inampa mtu haki ya kwenda Mahakama Kuu akidai kuwa sharti linalohusu haki yake "limevunjwa, linavunjwa au inaelekea litavunjwa". Kiingereza chake pale kina "violated" mara moja tu, kikitanguliwa na vitenzi visaidizi. Kiswahili kimekirudia kitenzi mara tatu, na kwa sikio langu kimeshinda: jana, leo na kesho zinasikika kila moja kwa sauti yake.

Kenya ni mtihani mgumu zaidi. Ibara ya 22 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja haki iliyokuwa "denied, violated or infringed", au inayotishiwa. Kwenye mazungumzo ya kawaida maneno mawili ya mwisho ni visawe. Kwenye sheria huwezi kuyafanya moja, kwa sababu hakimu huanza kwa kuamini kuwa kila neno limewekwa lifanye kazi. Mimi husema: imenyimwa, imevunjwa au imekiukwa. Imevunjwa kwa haki iliyobomolewa yote, imekiukwa kwa ile iliyovukwa mpaka wake. Najua wapo wenzangu wanaogeuza mpangilio huo, na hoja zao si dhaifu.

Kuna siku nilielewa uzito wa tofauti hizi kuliko siku nyingine zote, na ilikuwa nikisoma sheria mbili za kuunda mahakama za kimataifa za jinai, zilizoandikwa kwa kupishana muda mfupi tu. Mahakama ya Yugoslavia ya zamani iliundwa na Baraza la Usalama mwaka 1993. Ile ya Rwanda, iliyokaa hapa kwetu Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, iliundwa Novemba 1994. Ibara ya 2 ya sheria ya kwanza inasema "grave breaches" za Mikataba ya Geneva ya 1949, ile inayolinda watu wakati wa vita. Sheria ya Rwanda haina maneno hayo. Ibara yake ya 4 inasema "violations" za Ibara ya 3 ambayo mikataba yote minne inashiriki, na za Itifaki ya Pili iliyoongezwa baadaye kwenye mikataba hiyo. Hawakuwa wanapamba lugha. "Grave breaches" ni orodha maalumu ya makosa ya vita kati ya mataifa: kuua kwa makusudi, kutesa, kuteka watu mateka na mengineyo. Vita ya Rwanda ilikuwa ya ndani ya nchi, na Ibara ya 3 ndiyo inayogusa vita vya ndani. Mfasiri akiandika "ukiukaji mkubwa" pande zote mbili, amefuta mstari ambao wanasheria waliuchora kwa makusudi. Kwa orodha ile mimi naandika "uvunjaji mkubwa", na kwa Ibara ya 3 naandika "ukiukaji".

(Ukiukaji au ukiukwaji? Ukiukaji unamtazama mtenda. Ukiukwaji unaitazama haki iliyotendewa. Vyote ni Kiswahili safi, ila usivichanganye ndani ya aya moja.)

Neno la tatu ni kuhalifu, tulilolipata kwa Waarabu likiwa na maana ya kwenda kinyume. Kwetu limekuwa zito: mhalifu ni mtu wa jinai. Kumbe Waswahili walioko Maskati wakipigwa faini ya barabarani wanaisikia ikiitwa mukhalafa, mzizi uleule. Kwa hiyo "traffic violation" usiifanye uhalifu. Ni kosa la barabarani, basi.

Ninakotaka kukaa kidogo ni kwenye mwili wa mtu. Kiingereza cha zamani, na cha magazeti yenye haya, husema mwanamke "was violated". Ukiandika "alikiukwa" hujasema kitu. Alibakwa. Mahakamani mashahidi wetu wenyewe husitiri: "alinifanyia kitendo kibaya", "alinifanyia tabia mbaya". Karani asiyejali akaandika "bad manners", na mtoto aliyeumizwa akaonekana kwenye jalada kama aliyenyimwa salamu. Mkalimani ana wajibu wa kulifikisha neno kama lilivyosemwa na kumweleza hakimu kwamba ni tafsida, shahidi aulizwe kwa upole anamaanisha nini.

Na neno unajisi silipendi. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ina kosa la "defilement" kwa watoto, na vyombo vya habari vya Kiswahili hulitafsiri unajisi. Tafsiri ni sahihi mno, ndiyo tatizo: maneno yote mawili yamebeba uchafu, na uchafu huo yanamwachia mtoto. Aliyetenda ndiye mwenye najisi. Tanzania, Kanuni ya Adhabu huliita tendo la kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ubakaji, hata akidaiwa kuridhia, isipokuwa kwa mke aliyefikisha miaka 15. Mambo ya ule mpaka wa mke nayaacha kwa leo, ila neno ubakaji linamwelekea mtenda. Natafsiri nyaraka za Kenya kwa neno lao kwa kuwa ndilo linalotumika huko, lakini nikiandika kwa kalamu yangu naandika kubaka mtoto.

Kijana wangu amerudi jana na kurasa zake. Mkataba: masharti yamekiukwa. Haki: imevunjwa. Mwanamke: alibakwa. Kwenye kaburi alikuwa ameandika "kunajisi kaburi", na hapo kwa mara ya kwanza nililipenda neno lile. Lakini tulirudi kwenye maelezo ya shahidi, ukurasa wa nne, tukakuta watu walikuja usiku na majembe. Tukafuta, tukaandika "walilifukua".