Je, wajua kwa nini mtoto huzaliwa amepakwa mafuta meupe?

Mtoto ametoka, amelia, mkunga amemkausha kwa kanga. Mgongoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja bado ana utando mweupe mzito, mfano wa samli iliyoganda. Ukiugusa unateleza. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anaagiza maji ya moto na sabuni. Mwingine ananong'ona kuwa hizo ni mbegu za baba, eti wazazi hawakujizuia mimba ilipokuwa kubwa. Na mama aliyejifungua sasa hivi amelala pale, anaona aibu kwa jambo ambalo hana kosa nalo hata chembe.

Weupe ule hautoki kwa baba. Mbegu haziwezi kumfikia mtoto: amefungiwa ndani ya mfuko wa maji ya uzazi, na mlango wa kizazi umezibwa kwa ute mzito. Ni ngozi yake mwenyewe inayoutengeneza. Tezi zake za mafuta zikishaanza kazi tumboni, mafuta yake huchanganyika na seli za ngozi zilizopukutika. Wataalamu huuita veniksi. Karibu asilimia 80 ni maji, kinachobaki ni mafuta na protini.

Wa kazi gani? Tazama vidole vyako ukimaliza kufua beseni zima la nguo, vilivyokunjamana. Mtoto yeye yumo majini kwa miezi, na ngozi yake inajengwa humohumo. Utando huo ndio unaoyazuia maji yasiilegeze. Akishazaliwa bado una kazi: huzuia ngozi isikauke, na ndani yake mna protini zinazopambana na bakteria, wakati ambapo mtoto hana kinga ya kutosha.

Aliyepitiliza tarehe huzaliwa karibu hana utando, labda kidogo kwenye mikunjo, ndiyo maana ngozi yake hubanduka zaidi kwenye viganja, nyayo na vifundo vya miguu. Kubanduka kwa siku hizo za mwanzo ni kawaida. Usisugue, usivute.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24 tangu azaliwe. Sababu si utando peke yake. Mtoto ana ngozi pana kwa uzito wake mdogo, hivyo akilowa hupoa upesi mno, na joto lake linatakiwa libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kumkausha ni lazima. Kumkwangua ndiko kubaya. Damu au choo kikimshika, futa kwa kitambaa laini, basi. Kama daktari ameagiza vingine kwa sababu ya kitabibu, mfuate yeye.

Halafu sabuni. Ngozi ya mtu mzima ina uchachu kidogo, karibu 5 kwa kipimo cha pH (namba ikishuka, uchachu huzidi), na uchachu huo huwapa vijidudu taabu kustawi. Ya mtoto huanza karibu na 7, ikashuka taratibu kwa siku na wiki. Sabuni ya mche iko 9 au 10. Kumwogesha nayo ni kuivuruga ngozi iliyokuwa inajijenga. Maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko yanatosha, dakika tano hadi kumi. Joto la Dar au Mombasa likizidi, mwogeshe kila siku kwa maji matupu, ila ukaushe mikunjo ya shingo kwa kugusagusa, maana jasho na maziwa hujificha humo na kuichubua. Poda iache kabisa; vumbi lake huingia mapafuni.

Vipele vyekundu vya siku ya pili au ya tatu, vyenye nukta nyeupe katikati, huwapata watoto wengi na huondoka vyenyewe. Lakini malengelenge ya usaha, wekundu unaosambaa kuzunguka kitovu, manjano ndani ya siku ya kwanza, au homa: hospitali, siku hiyohiyo.

Na bibi mwenye hamu ya kusaidia saa ile ya kwanza, kazi ipo. Amweke mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, awafunike wote wawili kwa kanga kavu, kisha akapike uji. Ule weupe utanywewa na ngozi wenyewe, siku moja au mbili tu.